Mwerebi wa milima ya Uskoti: changanya dume na jike, zuia kondoo

Ukipita kwenye milima ya Uskoti utaukuta mwerebi mdogo wenye majani ya kijivu, Salix lapponum, umejibana kwenye kingo za majabali. Wengi hudhani ndipo unapopenda. Hapana, ndipo kondoo na kulungu waliposhindwa kufika. Nchini Norwe, mmea huohuo hufanya vichaka vipana kwenye miteremko yenye unyevu na kando ya vijito. Ni kichaka kifupi, aghalabu hakizidi mita moja na nusu, na baridi haikisumbui. Kinachokimaliza ni meno ya mifugo na wanyamapori.

Kwa mwenye ardhi ya mlimani huko anayetaka kuurudisha, kazi ianze kitaluni, na hapo ndipo wengi hukosea. Mwerebi una mimea dume na mimea jike, kama mpapai. Ukikata vijiti kwenye kichaka kimoja kilichonawiri ukaotesha miche mia, yote itakuwa ya jinsia moja. Itashika, itachanua, lakini mbegu hutaziona ikiwa hakuna vichaka vya jinsia nyingine karibu. Baada ya miaka mingi utabaki na miche uliyoipanda wewe tu, inazeeka pamoja.

Basi zitambue jinsia wakati wa maua, mwezi Mei hadi Juni. Vishada vya dume huwa na chavua ya njano, vya jike ni vya kijani kilichofifia. Funga alama kwenye kila kichaka, kisha vijiti uvikate majira ya baridi, mmea ukiwa umelala. Chukua kidogo kidogo kutoka vichaka vingi, tena vya makorongo tofauti, ili kizazi kiwe mchanganyiko. Kuparamia majabali yenye barafu mwezi Januari kufuata vijiti ni hatari isiyo na sababu. Ni heri kuwa na shamba la miti mama bondeni, ambalo utalikata kila mwaka bila kuhatarisha shingo. Kitalu cha Dundreggan cha shirika la Trees for Life ni mojawapo ya vinavyokuza mierebi ya milimani, kwa hiyo miche si lazima uioteshe mwenyewe.

Mimi napendelea mbegu kuliko vijiti, kwa kuwa hukupa dume na jike bila kuhesabu. Ila mbegu za mwerebi hazingoji. Hukomaa kiangazi zikiwa na pamba nyeupe, na uhai wake ni wa wiki chache tu. Zisie mara moja juu ya udongo laini uliolowa, usizifukie, na usiache udongo ukauke hata siku moja. Mbegu nzima huanza kuota ndani ya siku chache. Angalia pia majirani: mwerebi huchanganya damu na mierebi mingine kwa urahisi, na mbegu iliyookotwa karibu na mierebi ya mabondeni inaweza kuwa chotara. Kabla ya kukata au kuokota chochote, pata ruhusa ya mwenye ardhi, na kwenye maeneo yaliyohifadhiwa pata kibali cha NatureScot, taasisi ya umma inayosimamia uhifadhi wa mazingira Uskoti.

Mahali pa kupanda, tafuta maji yanayotembea: kingo za vijito, miteremko inayochuruzika, udongo wenye mawe na madini. Epuka mboji nene yenye maji yaliyotuama. Aina hii huvumilia udongo wenye tindikali kiasi, tofauti na ndugu yake Salix lanata anayetaka udongo wenye chokaa. Bandua nyasi kipande kidogo, panda, kandamiza vizuri. Mbolea usiweke, itanufaisha nyasi kuliko mche. Panda kwa makundi, dume na jike wakiwa jirani, maana wachavushaji wake wakuu ni wadudu, hasa malkia wa nyuki-bambi, nyuki wakubwa wenye manyoya, wanaotafuta chakula mapema, na hawa hufanya kazi vizuri pale maua yalipo mengi pamoja.

Halafu uzio. Bila uzio, au bila kupunguza kulungu na kuondoa kondoo, hifadhi fedha zako. Huko Ben Lawers, mlima wenye mita 1,214, shirika la National Trust for Scotland limezungushia uzio maeneo kadhaa na kupanda mierebi ndani yake. Uzio wa kulungu unahitaji karibu mita mbili kwenda juu, na theluji huuangusha, hivyo weka bajeti ya ukarabati wa kila mwaka. Ufunge vibao vya kuonekana ili kwale wa milimani wasijigonge wakiruka. Sungura na panya wadogo watapenya hata hivyo na kutafuna maganda. Ongeza idadi ya miche kufidia hao.

Uzio nao una tatizo lake. Nyasi zikikosa wa kuzila hunenepa na kufunika ardhi, na mbegu ya mwerebi haiwezi kuota isipogusa udongo mtupu. Vichaka vyako vikianza kutoa pamba, kwangua viraka vidogo kando ya maji, upande unakovuma upepo kwenda, kisha rudi kiangazi kinachofuata ukavikague ukiwa umepiga magoti. Miche ya mwaka wa kwanza ni midogo mno kuonekana ukiwa umesimama.