Jinsi ya kujiwekea mipaka kabla jaribu halijafika

Wengi tunajiuliza "hii ni dhambi au sio" tukiwa tumeshafika penyewe, saa tano usiku, meseji ya mtu asiye mwenzi wako imeingia na kidole kiko juu ya herufi. Hapo umechelewa jamani. Hiari Mungu ametupa kweli, ila saa hiyo inakuwa imebaki kidogo sana, so itumie mapema.

Soma Danieli 1, aliazimia moyoni hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, yani uamuzi ulishapita kabla hajaanza kuongea na msimamizi, ndo maana aliomba kwa upole tu yeye na wenzake wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Fanya hivohivo. Ukiwa umetulia, chukua karatasi andika pale unapoangukaga, na usiandike "tamaa" au "hasira", andika kitu chenyewe: nikiwa peke yangu na simu baada ya saa nne, nikipokea hela za kikundi bila mtu kuhesabu na mimi. Yakobo 1:14 inasema kila mtu anavutwa na tamaa yake mwenyewe, kwa hiyo mpaka wa mwenzio usiukopi.

Kwa kila kimoja uliza maswali ya 1 Wakorintho 6:12, je kinafaa, na je kinanitawala? La pili ndo zito. Kiache wiki moja, ukiona unakuwa mkali kwa kila mtu jibu umeshapata.

Alafu mpaka uweke mbali na shimo, sio ukingoni. Simu ilale sebuleni, hela zihesabiwe na watu wawili. Lakini tafadhali usiugeuze mpaka wako kuwa amri ya Mungu kwa wengine, Hawa mke wa Adamu, akizungumzia matunda waliyokatazwa, aliongeza "wala msiyaguse", maneno ambayo hayapo kwenye agizo la Mwanzo 2:17, na Paulo kwenye Warumi 14 anakataza tusihukumiane kwa vyakula na siku. Hili linaumiza makanisa sana.

Na jaribu likikukuta hivohivo, usijadiliane nalo. Yusufu aliacha vazi mkononi mwa mke wa bosi wake Potifa, aliyekuwa anamtaka walale, akakimbia. Ukianguka tubu siku hiyohiyo, 1 Yohana 1:9 ipo, inasema tukiungama Mungu anasamehe, usisubiri Jumapili, alafu rudi kwenye ile karatasi uangalie mpaka upi ulikuwa karibu mno na shimo, uusogeze nyuma.