Jinsi ya kuomba zahanati yako ikaguliwe utayari wa kuanza CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU)

Wenzangu waganga wafawidhi wa zahanati za pembezoni mkoani Tabora, hili nawaandikia kwa kuwa naulizwa kila tukikutana kwenye vikao. Tuliomba mara ya kwanza tukarudishwa. Tukaomba tena, tukapata.

Tiba na matunzo ya VVU ilianza nchini kwa mpango wa mwaka 2003, na dawa za bure zikaanza kutolewa mwaka uliofuata, hospitalini kwanza. Tangu 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4, yaani kipimo cha kinga ya mwili, ishuke. Wateja wakaongezeka, umbali ukabaki ni uleule. Mama mmoja wa kambi ya tumbaku alikuwa akiondoka saa kumi alfajiri kwa baiskeli ya kuazima, mtoto mgongoni, ili awahi foleni ya CTC mjini. Msimu wa kuchoma tumbaku alikosa miezi miwili. Kwenye rejesta aliandikwa mtoro, na neno hilo liliniuma, maana nilijua barabara aliyokuwa akiipita.

Anza na rejesta zako kabla ya kuandika barua. Hesabu uliowapima kwa mwaka mzima, waliokutwa na VVU, uliowapa rufaa, na waliofika kweli huko ulikowaelekeza. Hesabu pia akina mama wanaopata dawa kwenye kliniki yako ya wajawazito na watoto. Hao ndio hoja yako nzito kuliko zote, kwa sababu zahanati inayomtunza mjamzito na mtoto wake imeshaanza kazi yenyewe. Peleka hesabu hiyo kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati, wajadili, na muhtasari usainiwe.

Barua iende kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, nakala kwa Mratibu wa Ukimwi wa wilaya. Ukurasa mmoja unatosha: idadi ya watu mnaowahudumia, hesabu zako, umbali hadi CTC ya karibu, watumishi mlio nao, na ombi la kufanyiwa tathmini. Ambatisha muhtasari wa kamati. Mpigie mratibu wiki ileile. Barua isiyo na mtu wa kuifuatilia hulala kwenye faili.

Wakati unasubiri, jikague mwenyewe, na hapa usiwe na haraka. Sisi tulipaka rangi ukuta. Timu ya tathmini ilipofika, mmoja wao alikaa benchi la nje akamwomba muuguzi aongee ndani kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa umefungwa. Akasikia kila neno, kwa kuwa ukuta wa ndani haukufika kwenye paa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mteja, na siri haitunzwi na rangi. Tulijenga ukuta hadi juu kwa tofali walizochanga wanakijiji.

Kisha wakafungua leja ya dawa. Leja ilisema kopo kumi na mbili za kotrimoksazole, dawa ya kuzuia maambukizi, kabatini zilikuwa tisa. Hakuna aliyeiba, tulitoa bila kuandika siku ya msongamano. Lakini mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU anameza kidonge kila siku maisha yake yote, na Bohari ya Dawa inakuletea kulingana na taarifa uliyoituma. Leja ikidanganya leo, mtu atarudi na kopo tupu baada ya miezi miwili. Kwa hiyo hesabu kila Ijumaa, wawili wasaini, na kabati liwe na kufuli.

Mengine nayataja kwa kifupi: angalau watumishi wawili watakaokwenda mafunzo, ili mmoja akienda likizo kazi isisimame, kabati la mafaili, maji ya kunawa, na njia ya uhakika ya kupeleka sampuli za wingi wa virusi, maana mteja mpya anapimwa akifikisha miezi sita ya dawa. Sisi tulikubaliana na mwendesha bodaboda siku maalumu ya wiki. Mwoneshe mkaguzi makubaliano hayo kwa maandishi.

Siku ya tathmini mruhusu kila mtumishi ajibu mwenyewe. Palipo na pengo, sema lipo na useme mtaliziba lini. Mkipewa orodha ya mapungufu, geuzeni iwe mpango kazi wenye tarehe na jina la anayewajibika, kisha ombeni kukaguliwa upya. Mnaweza kuambiwa muanze kama tawi chini ya kituo mama, yaani CTC iliyokwishaanza kazi. Kubalini. Watumishi wa kituo mama watakuja siku za kliniki, na kazi mtajifunza mkiwa na wateja wenu mezani.

Mkishapata kibali, wateja wenu wa kijijini watataka kurudi nyumbani. Msiwaite kwa kutangaza. Kila mmoja aombe mwenyewe uhamisho kwenye CTC yake ya zamani, apewe fomu, aje nayo pamoja na kadi yake ya CTC1, ile anayoitunza mteja mwenyewe. Msimwandikishe kama mteja mpya hata siku moja. Namba yake ni ileile aliyopewa siku ya kwanza. Ikibadilika, kule alikotoka ataonekana ametoroka, na kwenu historia yake ya dawa itakuwa imepotea.