Kuwaaga watoto mwishoni mwa safari ya utume

Vijana wa makanisa ya Unguja wanaokwenda kuwahudumia watoto nje ya nchi, iwe Malawi au Msumbiji, wawajulishe watoto hao mapema siku ya kuondoka, kwa kuwa mtoto aliyezoea kupokewa kila asubuhi huumia zaidi anapokuta mgeni wake ametoweka kuliko anapolia naye wakati wa kuagana. Ahadi ya kurudi isitolewe kabisa ikiwa safari nyingine haijapangwa. Watoto huishika, na wakubwa ndio wanaosahau. Zawadi, hata ikiwa ni halua tu kutoka nyumbani (nayo hugawanyika vizuri), ikabidhiwe kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili wa hapo, ambaye pia ndiye anayefaa kuongoza sala ya mwisho, kwani ataendelea kuwa nao.