Filta ya hewa ya pikapu: bonyeza mpira kwanza

Kama pikapu yako inakula vumbi kila siku, tuseme Hilux ya dizeli ya kubebea mazao, filta ya hewa usiichague kwa rangi wala kwa maneno ya "inaongeza nguvu". Kazi yake ni kuzuia vumbi. Mchanga ukipita unasaga mapanga ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na kuta za silinda, na hapo hulipii filta tena, unalipia injini.

Nenda dukani na filta ya zamani mkononi. Linganisha urefu, upana na kimo, kisha bonyeza mpira wa pembeni kwa kidole: uwe laini, urudi haraka, usiwe na ufa kwenye kona. Hapo ndipo nyingi za bei poa zinapofeli. Karatasi nzuri, mpira mgumu, vumbi linapita pembeni.

Zile za pamba, za kuosha na kupaka mafuta, zinadumu, lakini kwa barabara za vumbi mimi nabaki na karatasi. Mafuta yakizidi huvutwa hadi kwenye sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, gari likaanza kukosa nguvu.

Baada ya wiki mbili, fungua bomba linaloelekea injini, upande wa baada ya filta, ufute ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, filta hiyo haikai sawasawa, itoe. Na usikubali ipulizwe kwa kompresa yenye presha kubwa, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona.