Bima ya hasara mifumo ya kompyuta inapozimika: namna ya kuchagua, kukata na kudai

Anza na mkataba wa bima ulio nao sasa. Bima ya kawaida ya mali huwa na kipengele cha kufidia faida inayopotea biashara inaposimama, lakini hulipa pale tu kitu kinachoshikika kinapoharibika: jengo limeungua, maji yameingia ghalani. Seva iliyogoma bila hata kupata moto haimo. Usitegemee pia fidia ya mtoa huduma wa wingu, yaani kampuni inayokukodisha seva na programu kupitia intaneti. Kwa kawaida hupunguza ankara yako ya mwezi, haigusi mauzo yaliyokupita. Hasara ya aina hii hubebwa na bima ya mtandao, yaani bima ya madhara yanayoipata mifumo ya kompyuta, tena si kila bima ya mtandao.

Jambo la kwanza la kusaka katika mkataba ni chanzo. Mikataba mingi hulipa mfumo ukizimwa na wavamizi au virusi, basi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Hakukuwa na mvamizi. Aliyekuwa na kinga dhidi ya uvamizi peke yake hakuwa na cha kudai. Hakikisha mkataba unataja waziwazi kushindwa kwa mfumo bila uvamizi: sasisho bovu, kosa la fundi, hitilafu ya programu.

Cha pili, mfumo wa nani? Kinga ya mifumo yako mwenyewe haifiki kwa mtoa huduma wako mpaka kuwe na kipengele cha biashara unazozitegemea. Hapa ndipo wengi huumia, kwa kuwa leo malipo, hifadhidata, barua pepe na hata mashine ya kuuzia vinakaa kwa watu wengine. Kabla ya kumwona dalali, andika kila mfumo ambao ukizimika mauzo yanasimama, nani anauendesha, na yeye anamtegemea nani. Kisha uliza kama mkataba unawataka watoa huduma watajwe kwa majina au unawabeba wote. Mkataba ukitaka majina, yule uliyemsahau hayumo. Uliza pia kikomo cha sehemu hii, yaani kiasi cha juu kinachoweza kulipwa, maana mara nyingi ni kidogo kuliko kikomo kikubwa kilichoandikwa ukurasa wa kwanza.

Karibu mikataba yote huondoa miundombinu ya umma: umeme wa gridi, nyaya za mawasiliano, intaneti yenyewe. Kama tishio lako kubwa ni umeme kukatika, nunua jenereta na laini ya pili ya intaneti. Bima hii haitakusaidia. Soma pia kama inadai mfumo uzimike kabisa, au kudorora kunatosha. Mfumo unaochukua dakika tano kukamilisha malipo unafukuza wateja sawasawa na uliokufa.

Sasa muda wa kusubiri, yaani saa ambazo mfumo lazima uwe umezimika kabla bima haijaanza kulipa; kwangu ni muhimu kuliko kikomo cha fedha. Mara nyingi ni kati ya saa 8 na 12, na tatizo likiisha kabla ya hapo hulipwi. Lakini kuna aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Chukua biashara inayouza mchana na usiku, mauzo ya 500,000 kwa saa, gharama za bidhaa zikiwa asilimia 60. Faida ghafi ni 200,000 kwa saa. Mfumo ukizimika saa 14, hasara ni 2,800,000. Ikiwa muda wa kusubiri wa saa 8 ni kizingiti tu, ukishaupita unahesabiwa tangu saa ya kwanza, yaani 2,800,000 yote. Ikiwa ni makato, saa 8 za mwanzo ni zako, na unabaki na saa 6: 1,200,000. Uliza swali hili kwa maandishi. Ongeza jingine: saa hizo zinahesabiwa mfululizo au za kazi tu? Duka linalokaa wazi kwa muda wa saa 9 kila siku na kuhesabiwa saa za kazi linaweza kumaliza siku nzima bila kuvuka kizingiti cha saa 12. Na kuzimika mara tatu kwa saa 4 kwa kawaida hakujumlishwi.

Angalia vilevile fidia inakoma lini. CrowdStrike waliliondoa sasisho lile baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuanguka zilihitaji fundi aziwashe kwa hali salama (safe mode) na kufuta faili bovu, nyingi moja baada ya moja. Kipimo kinachokufaa ni mifumo yako kurudi kazini. Mkataba usiishie pale mtoa huduma anapotangaza kwamba tatizo limekwisha.

Kwenye fomu ya maombi jibu ukweli. Ukiandika kwamba nakala rudufu za data yako hufanyika kila usiku na hujaribiwa, wakati hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha, kampuni ya bima inaweza kuutengua mkataba siku unapouhitaji. Kumbuka pia kwamba hasara ya wateja wanaokudai wewe kwa kushindwa kuwahudumia ni kinga nyingine, ya dhima. Iulizie peke yake.

Mfumo ukizimika, andika saa na dakika ya kuanza, pamoja na ukanda wa saa. Piga picha ukurasa wa mtoa huduma unaoonyesha hali ya huduma, maana baadaye hubadilishwa. Hifadhi kumbukumbu za seva kabla fundi hajaanzisha mfumo upya. Toa taarifa kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, na omba kibali kabla ya kuajiri mafundi wa nje. Gharama zisizo na kibali hugombaniwa. Fungua hesabu ya peke yake ya gharama za dharura: saa za ziada za wafanyakazi, vifaa vya kukodi.

Mkadiriaji hasara, anayepima dai lako kwa niaba ya kampuni ya bima, ataomba mauzo ya saa kwa saa ya siku zinazofanana, kwa hiyo mfumo wako wa mauzo uwe unayaweka tangu sasa. Atakata mauzo yaliyorudi: katika mfano wetu, kama asilimia 30 ya wateja walinunua kesho yake, 2,800,000 inashuka hadi 1,960,000. Ni haki yake, ila mwonyeshe waliokwenda kwingine, kwa mfano oda zilizofutwa.

Mtoa huduma akikupa malipo kwa sharti la kuachana na madai mengine yote, usisaini kabla ya kuiuliza kampuni ya bima. Ikishakulipa ina haki ya kumdai yeye badala yako, na ukiifuta haki hiyo kwa saini yako, inaweza kukunyima fidia.