Somo: Kiingereza cha mapokezi, mezani na barabarani

Assalamu alaykum, na habari za kazi.

Somo hili ni lenu mnaofanya kazi kwenye nyumba za wageni na mikahawa ya hapa Unguja, kuanzia Paje, Jambiani na Nungwi hadi Mjini, na nyinyi madereva mnaopeleka wageni Jozani na Kizimkazi. Maneno ya Kiingereza mnayo mengi. Tatizo ninaloliona kila msimu ni kwamba sentensi huundwa kwa Kiswahili kichwani, ikishatoka mdomoni huwa imevishwa tu nguo za Kiingereza. Mgeni anayasikia maneno yote lakini hapati maana. Na wakati mwingine anapata maana nyingine kabisa, na hapo ndipo hasara inapoingia.

Hatua ya 1: Andika unachosema, kwa Kiswahili

Chukua daftari uende nalo kazini siku moja. Kila unachomwambia mgeni, au ulichotaka kumwambia ukashindwa, kiandike kwa Kiswahili kama unavyokisema. Kamusi iache kwanza. Wanafunzi wangu wengi hurudi na sentensi ishirini au thelathini, basi. Hizo ndizo kazi yako. Mtu wa mapokezi hana haja ya kuanza na majina ya wanyama wa porini.

Hatua ya 2: Jifunze sentensi nzima

Usitafsiri neno moja moja. Jiulize: mwenye lugha yake, akiwa mahali hapa, angesema nini?

"Naomba pasipoti yako." Ukisema "Give me your passport" umeamrisha, hata kama moyoni uliomba. Sema "Could I see your passport, please?" Heshima iliyomo ndani ya "naomba" inakaa kwenye "could" na "please". Usiviache.

"Nakuja." Sisi tunalisema tukiwa tunaondoka, na mwenzetu anajua tutarudi. Ukimwambia mgeni "I'm coming" huku unampa mgongo, atabaki anashangaa. Sema "I'll be right back."

"Sukari imekwisha." Sema "We've run out of sugar." Kama ni vyumba vimejaa: "I'm sorry, we're fully booked."

"Karibu chakula." "Welcome to food" haieleweki. Ukiwa unakula na mgeni kakukuta, sema "Would you like some?" Mgeni anapoingia mlangoni, "Welcome" inatosha. Akikushukuru, "You're welcome."

"Samahani" imegawanyika. Kabla hujamsumbua mtu ni "Excuse me". Ukishakosea ni "I'm sorry".

"Pole" ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la kuibeba huruma yetu. Mgeni amejikwaa: "Are you all right?" Anaumwa tumbo: "I'm sorry to hear that." Amefika na mabegi kutoka uwanja wa ndege: "You must be tired. How was your trip?" Usiseme "sorry" tupu kwa kila jambo. Mgeni atadhani unakiri kosa.

Hatua ya 3: Saa

Hapa nataka mtulie. Mwaka wangu wa kwanza mapokezi, mgeni aliniuliza boti ya kwenda Dar es Salaam inaondoka saa ngapi. Ilikuwa ya saa moja asubuhi. Nikamjibu "one o'clock". Yeye na mkewe walilala vizuri, wakanywa chai polepole, wakafika bandarini adhuhuri wakiwa na tiketi za boti iliyokwisha ondoka. Walikuwa na ndege ya kuunganisha. Sijasahau sura ya yule mama, na ndiyo sababu sipendi mwanafunzi aipite hatua hii mbio.

Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Wao wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili. Huna haja ya kupiga hesabu, angalia uso wa saa ya mishale. Tafuta saa yetu, halafu soma namba iliyo mkabala nayo. Moja inatazamana na saba, kwa hiyo saa moja ni "seven o'clock". Tatu inatazamana na tisa. Saa kumi ni "four". Saa sita ni "twelve".

Kisha ongeza sehemu ya siku kila mara: "seven in the morning", "four in the afternoon", "eight in the evening". Ukiona wasiwasi, andika kwenye karatasi umpe mgeni aisome mwenyewe kwa sauti. Mimi hufanya hivyo mpaka leo.

Hatua ya 4: Ndiyo na hapana

Ukiulizwa "Hutaki sukari?" nawe huitaki, unajibu "Ndiyo, sitaki." Unaikubali kauli ya aliyeuliza. Kiingereza hakitazami kauli, kinatazama jambo lenyewe. "Don't you want sugar?" Huitaki? "No." Unaitaka? "Yes." Mgeni akiuliza "Isn't there any hot water?" na maji ya moto hayapo, jibu ni "No, there isn't." Ukisema "Yes", atavua nguo aingie bafuni akiamini yapo.

Dawa yake ni kutoliacha "yes" au "no" peke yake. Malizia: "No, there isn't." "Yes, we do." Ule mkia ndio unaomhakikishia mgeni.

Hatua ya 5: Sauti

Jirekodi kwa simu, sikiliza, rudia. Neno lao linaloishia na konsonanti lifunge hapohapo, usiliongezee irabu: "desk", si "deski". Tofautisha "rice" na "lice", maana la pili ni chawa. Kila siku sentensi tatu tu, ila zisemwe kwa sauti, hata ukiwa unafagia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpishi, Paje: Mwalimu, mgeni kaagiza "chips", nikampelekea chipsi, akasema siyo hizi.

Huyo huenda ni Mmarekani. Kwao "chips" ni zile kavu za pakiti, na chipsi zetu wanaziita "fries". Mwingereza akisema "chips" anataka zako. Muulize tu: "Hot or in a packet?"

Dereva, Mjini: Mgeni aliniambia ana njaa, nikamwambia nampeleka "hotel". Akakataa katakata, akasema anayo tayari.

Hoteli yetu ya chakula kwa Kiingereza ni "restaurant". "Hotel" ni pa kulala, naye alidhani unataka kumhamisha.

Mhudumu wa mapokezi, Jambiani: Shikamoo mwalimu. Nachanganya "he" na "she" kila siku. Jana nimemwita mke wa mgeni "he".

Marahaba mwanangu. Ni kwa sababu "yeye" yetu haibagui. Usikariri kanuni. Kaa dirishani dakika kumi, kila anayepita mseme kwa sauti: "She is carrying water. He is riding a bicycle." Fanya hivyo wiki mbili, ulimi utazoea.

Huyohuyo: Na mgeni akitaka chumba "Thursday night", niandike usiku wa Alhamisi?

Swali zuri sana. Wazee wetu huanza siku jua likizama, na wakisema usiku wa Ijumaa wana maana ya ule unaokuja baada ya Alhamisi kuchwa. Kwa mgeni huohuo ni "Thursday night". Usiandike jina la usiku, andika tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Muuza kanga, Darajani: Bei ya mwisho nisemeje? Na kanga kwa Kiingereza ni nini?

"That's my best price." Mnunuzi akikuambia "Could you come down a little?" anaomba upunguze. Na kanga ni kanga, mama. Litamke hivyohivyo, kisha mfunulie, umwonyeshe maandishi, umwambie "This is the message." Atataka kujua imeandikwa nini, kwa hiyo kabla ya kesho chagua kanga tano zinazouzika sana, uniletee maneno yake tuyatafute kwa Kiingereza pamoja.