Picha ya skrini iliyofungwa: inakili kwanza
Mnaosimamia kompyuta za ofisi yenye matawi, tuseme makao makuu Kampala na tawi Gulu: mkiweka picha ya skrini iliyofungwa (ile inayoonekana kabla mtu hajaingia) kwa Group Policy, yaani sera za Windows za kusimamia kompyuta nyingi kwa pamoja, msiielekeze sera moja kwa moja kwenye picha iliyo kwenye seva. Mtandao wa tawi ukikatika, picha haifiki. Heri sera hiyohiyo ikainakili kwanza kwenye kila mashine, mathalani ndani ya C:\Windows\Web\Screen, halafu muielekeze sera huko. Folda ya seva yenye picha isomwe na akaunti za kompyuta zenyewe, si za watumiaji tu. Hapo ndipo wengi hukwama. Toleo la Windows nalo mliangalie mapema: Windows Pro haiitii sera hii, inataka Enterprise au Education. Bosi akibadilisha nembo (na atabadilisha), faili la picha mpya lipewe jina jipya, maana picha ya zamani huwa king'ang'anizi.